Mkono Unaorudi Kiunoni

Nyuma ya nyumba moja mjini Tanga, kati ya banda la kuku na pipa la maji ya mvua, umesimama ubao mwembamba ambao mgeni hudhani ni nguzo ya kamba ya nguo. Watoto wa jirani waliwahi kuutumia hivyo hivyo, na mwenyewe hakuwagombeza. Alingoja shuka zikauke, akazikunja, akazipeleka kwa mama yao. Ubao ni wa mvule, maana mchwa hawauwezi upesi. Pale unapozama ardhini una unene wa inchi 3, kisha unapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na ukifika usawa wa kifua cha mtu mzima umebaki nusu inchi tu. Juu pamezungushwa kamba ya usumba, mzunguko juu ya mzunguko, imekazwa hata huwezi kupenyeza ukucha. Okinawa, kwenye visiwa vya kusini mwa Japani ulikozaliwa ufundi huu, wenyewe hufunga majani makavu ya mpunga. Sisi pwani tuna minazi.

Ubao huu huitwa makiwara. Mwenyewe ni mwalimu wa karate, mzee aliyeanza kujifunza Dar es Salaam miaka ya 1970, enzi filamu za Bruce Lee zilipojaza majumba ya sinema na kila kijana mtaani akajiona anaweza kuruka ukuta. Wenzake wengi walichoka filamu zilipoondoka. Yeye hakuchoka. Hata leo, akishaswali alfajiri, kabla ya chai, anatoka uani peku na kusimama mbele ya ubao wake.

Haanzi kwa kupiga. Anaweka ngumi juu ya kamba, anausukuma ubao taratibu mpaka unapinda, kisha anatulia hapo hapo huku ubao ukitaka kumrudisha alikotoka. Muda unapita. Kidole gumba cha mguu wa nyuma kinageuka kidogo. Bega linashuka, na usipolikazia macho hulioni likishuka. Kisigino kinakaa. Ndipo anapovuta pumzi na kupiga, na sauti inayotoka haina kishindo; ni fupi, kavu, na ngumi hairuki nyuma. Inabaki kwenye kamba mpaka ubao uishe kutetemeka. Halafu nyingine. Na kila anapopiga, mkono wa pili, ule usiopiga, unarudi kiunoni, umefumbatwa, kiganja kimeangalia juu. Nitausema zaidi baadaye mkono huo, maana msiba wote umo ndani yake.

Asubuhi moja alikuja kijana wa mkanda wa kahawia kutoka dojo nyingine ya mjini, yaani ukumbi mwingine wa karate, kifua kimejaa, simu mkononi. Aliamkia vizuri, akakaribishwa chai na mhogo, kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza.

“Sensei, huu ubao ni wa kukomaza vifundo vya vidole, sivyo?”

“Ukitaka vifundo vigumu, mwanangu, nenda kaponde kokoto. Na ujira utapewa.”

Kijana akacheka. Mzee akamwambia aweke ngumi kwenye kamba asukume tu, asipige. Alikuwa kijana wa misuli ya kubeba magunia, na ubao ukapinda kweli. “Haya, kaa hapo.” Hazikupita pumzi tatu, kisigino chake cha nyuma kikainuka. Kiwiko kikatoka nje. Bega likapanda karibu na sikio, na ubao ukamrudisha nyuma hatua nzima, mbele ya kuku wote. Mzee hakutoa neno la karipio. Alimgusa kiwiko kwa kidole kimoja, akakiingiza ndani, akamgonga nyonga kwa ubavu wa kiganja, akasema, “Tena.”

Dunia nzima imeenea dhana kwamba makiwara ni kifaa cha kutengenezea sugu. Picha za wazee wa zamani wenye vifundo vilivyovimba zimeilisha dhana hiyo. Sugu huja, ndiyo, lakini huja yenyewe na haina kazi kubwa. Ubao umechongwa mwembamba juu ili upinde, unapinda ili urudi, na kinachorudi ni nguvu ile ile uliyoituma. Inapita kwenye kifundo cha mkono, kiwiko, bega, mgongo, nyonga na goti, inashuka mpaka kisigino na ardhi. Penye kiungo kilichokaa upande inakwama, na hapo ndipo panapouma. Ukipiga hewa hakuna kinachokurudia. Hewa inakubali kila kitu, na dojo zetu nyingi leo zinapiga hewa tangu saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, kwa mistari iliyonyooka na sauti kubwa, bila mwanafunzi hata mmoja kujua kama bega lake limekaa au limepanda.

Itosu Anko wa Okinawa, aliyezaliwa 1831 na kufariki 1915, aliandika mwaka 1908 barua ya vipengele kumi kuhusu karate, iliyokusudiwa wakubwa wa serikali ya Japani. Humo anataka kila mkono uipige makiwara mara 100 au 200. Anachohangaikia wakati wa kupiga ni mabega yashuke, kifua kifunguke, nyayo ziishike ardhi na nguvu ikae chini tumboni. Tena ahadi anayotoa ni ya mtu asiye na haraka: fanya saa moja au mbili kila siku, na baada ya miaka 3 au 4 mwili wako utakuwa tofauti na wa watu wengine. Hakuahidi medali. Aliahidi mwili, na mahali pengine katika barua hiyo hiyo akataja kwamba wengi waliobobea zamani waliishi maisha marefu. Ukimtazama mzee wa Tanga akibeba ndoo mbili za maji bila kuinama mgongo, utaamini.

Sasa ule mkono.

Mtoto yeyote aliyepita dojo hata kwa mwezi mmoja anajua kwamba mkono mmoja ukipiga, mwingine unavutwa kiunoni. Akiuliza kwa nini, anaambiwa unaongeza nguvu kwa ngumi inayokwenda mbele. Jibu hili limerudiwa mpaka limekuwa sheria. Mabondia wanalicheka, na wana haki, maana bondia haachi mkono wake kiunoni huku uso uko wazi, na ngumi yake haipungukiwi kitu. Je, waliotunga kata, ile mifuatano ya miendo inayohifadhiwa na kurudiwa, watu ambao baadhi yao kazi yao ilikuwa kumlinda mfalme wa Okinawa, walikuwa wajinga kiasi hicho?

Mzee alinijibu kwa kuutumia mkono wangu mwenyewe. Aliniambia nimshike shati kifuani. Nikashika. Kiganja chake kikatua juu ya kifundo cha mkono wangu, vidole vikajifunga, na mkono ule ukaanza safari yake ya kurudi kiunoni, ukijizungusha njiani mpaka kiganja kikaangalia juu, vile vile unavyofanya katika kila kata. Sikuhisi kuvutwa kwa nguvu. Kiwiko changu kilinyooka chenyewe, bega likafuata, uso ukaenda mbele na chini, na nilipotanabahi, ngumi ya mkono wake wa pili ilikuwa imesimama upana wa kidole kutoka kwenye taya langu. Haikuwa imetoka mbali. Uso ndio ulioletwa kwake.

Mkono unaorudi kiunoni, basi, haurudi mtupu. Umeshika mkono wa mtu, au kola yake, au nywele zake, na unamwondolea mizani kabla ngumi haijafika. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyeifikisha karate Tokyo mwaka 1922, aliieleza maana hiyo katika kitabu chake Karate-do Kyohan cha 1935. Hakuna aliyeificha. Imeandikwa, imechapishwa, imetafsiriwa, na bado ukiingia dojo kumi leo utapewa lile jibu la kuongeza nguvu.

Ukishauona mkono huo, kata nzima inabadilika mbele ya macho yako. Yale yanayoitwa mazuio, mkono unaopanda juu ya paji la uso, mkono unaofagia kwenda chini, yanaacha kuwa mazuio. Nani atazuia ngumi kwa mwendo mrefu namna ile, wa sehemu mbili, wakati ngumi yenyewe inafika kufumba na kufumbua? Kumbe kinachopokea ni ule mkono wa kwanza, unaovuka kifua, ambao wengi wanaudhani ni maandalizi tu. Wa pili, uliobandikwa jina la zuio, unakwenda kwenye kiwiko cha mtu au shingoni. Mguu unaoinuka na kutua kwa kishindo umekanyaga mguu wa mwenzio. Kugeuka nyuma ghafla, mara nyingi, hakuna maana kwamba adui wa pili amechipuka mgongoni. Ni yule yule wa kwanza, anatupwa. Ile simulizi ya maadui wanane wanaokuja mmoja mmoja, kila mmoja kutoka pembe yake, wakingoja zamu kwa adabu, ni simulizi ya kuwalaza watoto.

Nilisoma chuoni nilipokuwa mdogo, kama watoto wengi wa pwani, na nilihifadhi sura nyingi kabla sijajua maana ya aya hata moja. Simlaumu mwalimu wangu. Kuhifadhi kulitangulia, tafsiri ikaja baadaye kwa waliobaki, na ilimkuta tayari yule aliyehifadhi vizuri. Kata nayo ni hivyo. Balaa ya karate ni kwamba waliotoka mapema, wana hifadhi peke yake, ndio waliokwenda kufungua vyuo.

Na walitoka mapema kwa sababu ambayo ni vigumu kuilaani. Okinawa ilikuwa ufalme, ufalme wa Ryukyu, hadi Japani ilipoumeza mwaka 1879. Filamu zinapenda kutusimulia kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha na watawala. Inasisimua, lakini majina tuliyoachiwa mengi ni ya watumishi wa kasri na watu wa koo kubwa. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme mjini Shuri. Itosu alikuwa karani. Walifundisha uani, aghalabu usiku, mwanafunzi mmoja au wachache, na mwanafunzi huyo alijulikana kwao, tabia yake imepimwa, hasira zake zinafahamika. Funakoshi ameeleza jinsi alivyokuwa akitembea usiku kwenda kwa mwalimu wake Azato, taa mkononi pasipo na mbalamwezi, akarudia kata ile ile moja mpaka mwalimu aridhike. Kuridhika kwenyewe kulikuwa neno moja tu, na halikutoka kila usiku.

Ufalme ulipokufa, kazi za watu hawa zilikufa nao. Itosu akaona njia moja ya kuuokoa ufundi, nayo ni shule. Mwaka 1901 karate ikaanza kufundishwa katika shule ya msingi ya Shuri. Lakini huwezi kuwasimamisha watoto darasa zima ukawafunza kuvunja kiwiko na kuponda koo. Basi akarahisisha. Alitunga kata tano fupi, zile Pinan ambazo hadi leo ndizo ngazi ya kwanza kwa mamilioni ya watu. Watoto wakapangwa mistari, wakahesabiwa moja, mbili, tatu. Mwendo wa kuvunja ukaitwa zuio, na mkono wa kukamata ukaitwa pozi nzuri. Yeye alijua anachokifunika. Katika ile barua ya 1908 anasema wazi kwamba kila mwendo, mwanafunzi atambue kama ni wa kujenga mwili au wa kutumika. Waliofuata walilipokea funiko wakaling'arisha.

Mtu asidhani namsingizia Itosu. Bila yeye huenda leo tusingekuwa na kata ya kuigombania. Ila napenda tukubali kwamba upotofu mwingi katika karate haukuletwa na wajinga wa mbali. Ulianzia kwa mabingwa wenyewe, kwa nia njema, shuleni.

Kuona ilivyokuwa kabla ya hapo, inatosha kutazama kata ya jina moja tu, Naihanchi, nazo ziko tatu. Funakoshi alisema zote tatu zilimchukua kiasi cha miaka 10. Leo zinafundishwa kwa majuma machache, kati ya mtihani na mtihani, kwa sababu zinaonekana nyepesi: unakwenda kando, kulia na kushoto, miguu imetanuka, basi. Kwa kuwa zinakwenda kando tu, watu wakabuni sababu. Eti ni za kupigana juu ya tuta la shamba la mpunga. Eti ndani ya mashua. Eti mgongo ukiwa ukutani. Motobu Choki, aliyezaliwa 1870 katika ukoo wenye damu ya kifalme na ambaye alipenda kuyapima masomo yake mitaani kwa namna iliyowatia walimu wake aibu, hakuwa na subira na maneno hayo. Kwake Naihanchi ilikuwa karate karibu yote, na ile miguu iliyotanuka, ukiigeuza kidogo tu kulia au kushoto, ndiyo miguu ya vita. Adui yuko mbele yako, umemshika, karibu kiasi cha kunusa pumzi yake. Wewe ndiye unayetoka kando ya mstari wake.

Kuna kisa cha Motobu ambacho hunichekesha na kunikera papo hapo. Mwaka 1925 jarida la King la Japani lilisimulia jinsi mzee huyu, aliyekuwa amevuka miaka 50, alivyomwangusha bondia wa kigeni mjini Kyoto. Nchi nzima ikasoma. Lakini katika michoro iliyopamba kisa hicho, mtu anayepigana ana sura ya Funakoshi. Aliyefanya ni mmoja, aliyechorwa ni mwingine, na wasomaji hawakuona tofauti.

Mikanda, niipitie haraka, maana haistahili muda inaopewa. Haikuwa ya karate. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, ndiye aliyeweka utaratibu wa daraja. Funakoshi akauazima, akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924. Rangi zile nyingi za katikati zilistawi Ulaya, kwa wanajudo wa London na Paris. Ile ngano kwamba zamani mkanda mweupe haukufuliwa, ukawa mweusi kwa jasho na vumbi la miaka, haina mzizi. Ni ngano nzuri ya kumfariji asiyependa kufua. Mkanda wa mzee wetu umekwenda kinyume kabisa: umesuguliwa mpaka pamba nyeupe ya ndani imejitokeza, na vijana wa mjini wanamwonea huruma, wanataka kumchangia anunue mpya.

Kama kurahisisha kule shuleni kungebaki upande mmoja na nyua za usiku zikabaki upande wa pili, pengine maana na umbo vingeendelea kuishi pamoja. Vita havikuruhusu. Kati ya Aprili na Juni 1945 Okinawa ilisagwa. Kasri ya Shuri ikawa kifusi, na raia waliokufa hawahesabiki kirahisi. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu, mtu aliyeweza kumweka mwanafunzi kwenye kata ya Sanchin miaka kadhaa bila kumwongezea nyingine, alimpoteza Shinzato Jin'an, mwanafunzi aliyetarajiwa kurithi kila kitu. Mwalimu mwingine, Kyan Chotoku, aliponea risasi akafa Septemba ya mwaka huo huo, mwili umedhoofu kwa njaa na taabu. Unapokufa mtu wa namna hii, kata haifi. Watu mia wanaijua. Kinachokufa ni mahali pa vidole. Ni uzito wa kiganja juu ya kifundo cha mkono, jambo lisiloandikika.

Marekani ilikaa Okinawa kama mtawala hadi 1972, na bado ina kambi. Askari wake waliopangiwa huko kwa zamu fupi walijifunza mwaka mmoja, miwili, wakarudi kwao na mikanda myeusi, wakafungua dojo. Walikuwa watu wa bidii, sina ubaya nao. Lakini mwaka mmoja, kwa hesabu ya Funakoshi, hautoshi hata Naihanchi moja, tena walimu wenyewe walikuwa na lugha tofauti na ya wanafunzi, na njaa nyumbani. Kwa njia hiyo, na kwa njia ya vyama vikubwa vya Tokyo, karate ilipanda ndege kwenda kila bara. Ilipotufikia sisi, ikisindikizwa na filamu za Hong Kong ambazo wala si karate, ilikuwa hifadhi safi.

Agosti 2021 nilikaa mbele ya televisheni kutazama Olimpiki ya Tokyo, karate ilipoingia kwa mara ya kwanza. Ukumbini Nippon Budokan, Kiyuna Ryo, mwana wa Okinawa, alishinda dhahabu ya kata, akapanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Sitaki kumpunguzia kitu. Miguu ile haikuteleza hata unywele, na mkono wake ulipofika kiunoni ulifika kweli. Nadhani yeye anajua umeshika nini. Ila majaji wa kata ya mtu mmoja hawamwulizi. Alama zilitolewa kwa ufundi wa umbo na kwa uwezo wa mwili, basi washindani wa dunia nzima wanajifunza kile kinachopewa alama: kiai ndefu, ule ukelele wa kupigia, kituo kirefu, kichwa kinachogeuka ghafla, nguo ngumu inayopiga makofi. Paris 2024 karate haikuwepo tena, na vijana wetu wameshajifunza yale makofi.

Wala karate isipewe lawama peke yake. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana huingia duarani kucheza kirumbizi, fimbo mkononi, ngoma na zumari zikiwachochea. Mgeni anadhani ni ngoma, kijana anadhani ni kupigana, na mzee aliyekaa pembezoni anatazama miguu. Siku hizi duara lenyewe limejaa simu zilizoinuliwa, na simu hazielekezwi miguuni.

Nimemwuliza mzee wa Tanga kwa nini asirekodiwe. Mimi mwenyewe ningekuja na mtu wa kamera, tungeweka kata zote na maana zake, mwendo kwa mwendo. Alifikiri kwa heshima, maana ni mtu wa heshima, akasema picha itaonyesha mkono unakwenda wapi. Haitaonyesha unavuta lini. Akaongeza kwamba wakati wa kuvuta unaujua kwa kushikwa, tena na mtu mkubwa kuliko wewe, tena mara nyingi, na siku nyingine akiwa na hasira kidogo. Sikuwa na la kujibu. Lakini bado naona angerekodiwa, na nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja. Umbo lisilo na maana ni hasara, ila bila hata umbo atakayekuja hatakuwa na pa kuanzia kuuliza.

Ninachomnung'unikia yeyote mwenye dojo ni kidogo mno. Simwambii avunje mistari wala aache mashindano. Watoto wanahitaji medali, na wazazi wanahitaji picha za medali. Namwomba siku moja tu katika juma, mtoto mmoja amshike mwenzake shati kabla ya mkono kurudi kiunoni. Hilo halihitaji ada ya mtihani wala cheti kilichofunikwa plastiki. Niliwahi kumwambia hivyo mwenye dojo mmoja. Alinisikiliza vizuri, akaniambia ratiba ya muhula imejaa mpaka mtihani wa daraja, na kwamba katika karatasi ya alama hakuna mahali pa jambo hilo.

Yule kijana wa mkanda wa kahawia hakurudi uani. Alijipiga video siku ile ile akiupiga ubao kwa nguvu zake zote, kisigino hewani, na video imependwa sana. Mzee alionyeshwa, akatabasamu, akaomba irudishwe nyuma kidogo, akaelekeza kidole kwenye kisigino. Wanafunzi wake sasa ni watatu. Mmoja amepata uhamisho wa kikazi Dodoma. Wa pili yuko kidato cha sita na amekatazwa kutoka nyumbani mpaka amalize mtihani. Wa tatu ni binti wa miaka 14, mwenye mkono mwepesi kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na mama yake ameshakuja kuuliza mkanda unatoka lini.